Sauti na Mwenye Sauti: Paul Robeson baina ya Jukwaa na Siasa

Mwaka 1934, katika uwanja wa kupigia filamu nje kidogo ya London, kilijengwa kijiji cha Kiafrika. Vibanda vilisimamishwa, ngoma zikatayarishwa, na watu weusi waliokuwa wakiishi Uingereza, wakiwamo wanafunzi na wapagazi wa bandarini, wakaitwa kwa ujira ili wawe wakaazi wa kijiji hicho. Miongoni mwao alikuwamo Mkenya mmoja aliyekuwa London kuidai ardhi ya watu wake, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Jomo Kenyatta. Mbele yao, akiwa amejifunga ngozi ya chui, alisimama Mmarekani mweusi wa kimo kirefu na sauti nzito: Paul Robeson. Filamu yenyewe, Sanders of the River, ilitoka mwaka 1935. Ndani yake Robeson alikuwa Bosambo, jumbe mtiifu wa bwana shauri wa Kiingereza. Bwana shauri akiwapo, nchi ina amani. Akiondoka, watu wanauana. Akirudi, amani inarudi naye.

Katika miaka ileile mtu huyo alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili. Alijiandikisha katika chuo cha taaluma za Mashariki cha Chuo Kikuu cha London, akasoma fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, na katika makala aliyoichapisha mwaka 1934 alitangaza kwamba alitaka kuwa Mwafrika. Basi mtu mmoja, kwa wakati mmoja, alikuwa akiitafuta Afrika darasani na kuitia aibu mbele ya kamera.

Hapo ndipo linapozuka swali linalowasumbua wapenzi wa sanaa kila wanapogundua jambo wasilolipenda kuhusu msanii wao. Je, mwigizaji atenganishwe na mwenendo wake na siasa zake, au mtu na kazi yake viingie katika mizani moja? Swali hili huulizwa kana kwamba lina jibu moja, la kudumu, lifaalo kwa wote. Maisha ya Robeson yanaonesha jambo jingine. Katika kila kipindi cha maisha yake alitokea mtu aliyetaka viwili hivyo vitenganishwe, au aliyekataa katakata kuvitenganisha. Na kila mmoja wao alikuwa na haja yake.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 huko Princeton, katika jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa, akatoroka angali kijana, akaja kuwa mchungaji wa kanisa. Mwana alipata nafasi ya masomo katika Chuo cha Rutgers mwaka 1915, akawa miongoni mwa wachezaji bora wa mpira wa Kimarekani nchini mwake, na mwaka 1919 akachaguliwa kutoa hotuba ya kuagana kwa niaba ya wahitimu wenzake. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1923, lakini uwakili haukudumu. Katika ofisi aliyoajiriwa, karani wa kizungu alikataa kuandika maneno ya kusomewa na mtu mweusi. Mlango wa sheria ulipofungwa, ukafunguka wa tamthilia. Mwaka 1924 aliigiza katika tamthilia za Eugene O'Neill, na mwaka 1928 akaimba katika Show Boat kwenye jukwaa la Drury Lane, London. Tangu mwanzo, basi, hapakuwa na aliyemwachia Robeson nafasi ya kuwa sauti tupu. Rangi yake ilitangulia kupanda jukwaani kabla yake.

Wa kwanza kuomba kwamba mtu na kazi vitenganishwe walikuwa watengenezaji wa filamu. Zoltan Korda, aliyeiongoza Sanders of the River, alikuwa amekwenda Afrika na kurudi na picha za ngoma na nyimbo za kweli. Picha hizo ndizo zilizomvuta Robeson: aliamini kwamba kwa mara ya kwanza walimwengu wangeuona utamaduni wa Mwafrika ukiheshimiwa. Filamu ilipokamilika, ilifunguliwa kwa maneno ya kuwatukuza Wazungu wachache wanaotawala mamilioni ya Waafrika, na kila wimbo aliouimba ulikuwa umegeuzwa pambo la utawala huo. Baadaye Robeson alidai kwamba sura hiyo ya kibeberu ilitiwa siku za mwisho za kazi, naye akaikana filamu hiyo hadharani.

Mtu anaweza kumtetea kwa kusema kwamba ile ilikuwa senema tu, na kwamba nia ya mwigizaji ilikuwa njema. Utetezi huo una ukweli, lakini si ukweli wa kuifaa filamu. Siasa za Sanders of the River hazimo katika maisha ya Robeson; zimo ndani ya hadithi yenyewe, katika kila tukio linaloonesha kwamba mtu mweusi hawezi kukaa kwa amani bila ya bwana wake. Hata lau aliyemwigiza Bosambo angekuwa walii, hadithi ingebaki vilevile. Hapa kumtenganisha mtu na kazi yake kunamwokoa mtu, hakuiokoi kazi. Tena kuna jambo la kuumiza zaidi: filamu ile ilikuwa na nguvu kwa sababu ya Robeson. Sauti yake nzuri ndiyo iliyouvisha uongo ule heshima. Mwigizaji asiye na kipaji asingeweza kuitumikia dola kwa ufanisi kama ule.

Wa pili walikuwa wale waliotaka kujua ya chumbani. Mwaka 1929 Robeson alikataliwa kuhudumiwa katika ukumbi wa chakula wa Hoteli ya Savoy mjini London, kwa ajili ya rangi yake. Mwaka uliofuata aliigiza Othello katika Jumba la Tamthilia la Savoy, lililo ubavuni mwa hoteli hiyohiyo. Desdemona wake alikuwa Peggy Ashcroft, binti wa Kiingereza aliyekuwa mwanzoni mwa umaarufu wake, na palikuwa na watu waliochukizwa kumwona mwanamke mweupe akikumbatiwa na mtu mweusi mbele ya hadhira. Waandishi wa wasifu wa Robeson wameeleza kwamba kati ya wawili hao palikuwa pia na mapenzi nje ya jukwaa, ilhali Robeson alikuwa na mkewe, Eslanda Goode, aliyemwoa mwaka 1921.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena Marekani. Othello ilifunguliwa Broadway tarehe 19 Oktoba 1943, ikaoneshwa mara 296, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na tamthilia yoyote ya Shakespeare kwenye majukwaa hayo. Desdemona alikuwa Uta Hagen, na Iago alikuwa José Ferrer, mume wa Hagen katika maisha ya kweli. Naye Hagen na Robeson walikuwa wapenzi. Kila usiku, basi, mume halisi alisimama jukwaani kumshawishi mpenzi wa mkewe amwonee wivu mwanamke yuleyule, na hadhira iliyolia kwa ajili ya Desdemona asiye na hatia haikujua ya nyuma ya pazia.

Je, habari hiyo inaongeza nini katika Othello? Inaongeza mazungumzo ya barazani, na haiwezi kukanushwa kwamba Eslanda aliumia. Lakini haiongezi neno hata moja katika tamthilia, wala haipunguzi. Watazamaji wa mwaka 1943 walimwona mtu mweusi mwenye heshima zake akiangamizwa na hila za mtu anayetabasamu, na walikiona kitu hicho sawasawa. Wanaoitaja siri ya chumbani ili kukishusha cheo kipaji chake wanafanya kazi ileile ya Iago: wanakichukua kitambaa kidogo na kukifanya ushahidi wa kila kitu. Kosa la ndoa lina wenyewe linaowahusu, na Eslanda, ambaye naye alikuwa msomi na mwandishi, aliyesafiri Afrika Kusini na Uganda mwaka 1936 na kutoa kitabu cha safari hiyo mwaka 1945, hakuhitaji watu wa ukumbini wamsemee.

Siasa, hata hivyo, si siri ya chumbani. Hapo Robeson mwenyewe ndiye aliyekataa kutenganishwa. Mwaka 1937, katika mkutano wa kuwasaidia watoto wakimbizi wa vita vya Uhispania, alitangaza ndani ya Royal Albert Hall, London, kwamba msanii hana budi kuchagua upande. Januari 1938 alikwenda Uhispania kuwaimbia wapiganaji waliokuwa wakiilinda jamhuri. Wimbo maarufu wa mto katika Show Boat, uliotungwa ukiwa na maneno ya unyonge na kuchoka, aliubadilisha maneno ukawa wimbo wa mtu aliyeazimia kupigana. Alipozunguka Marekani na Othello baada ya Broadway, alikataa kuigiza katika kumbi zinazowatenga watu weusi. Kwa miaka mingi aliliongoza Baraza la Mambo ya Afrika, jumuiya ya Marekani iliyodai uhuru wa makoloni. Mwaka 1947 alitangaza kwamba angeliacha jukwaa kwa muda ili apambane na ubaguzi.

Wa tatu, basi, ilikuwa serikali ya nchi yake, nayo haikuomba vitenganishwe. Ilikataa kuvitenganisha, ili iiadhibu sauti kwa makosa ya mwenye sauti. Aprili 1949, mjini Paris, Robeson alisema maneno kuhusu vita na amani ambayo magazeti ya Marekani yaliyachapisha yakiwa yamepotoshwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo, onyesho lake huko Peekskill, katika jimbo la New York, lilivunjwa na watu wenye fujo. Liliporudiwa tarehe 4 Septemba, maelfu ya wasikilizaji waliokuwa wakirejea makwao walipigwa mawe barabarani. Mwaka 1950 aliondolewa katika kipindi cha televisheni alichokuwa amealikwa, na mwaka huohuo akanyang'anywa paspoti. Kumbi zilimfungia milango, na jina lake likafutwa hata katika orodha za wachezaji bora wa mpira wa mwaka 1917 na 1918. Kana kwamba siasa za mtu wa miaka hamsini zingeweza kurudi nyuma na kuyafuta mabao ya kijana wa miaka kumi na tisa.

Mawakili wa serikali walipotakiwa waeleze sababu ya kumnyima paspoti, miongoni mwa waliyoyaandika ni kwamba Robeson alikuwa akishughulika mno kuupigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika, na kwamba akiwa nje husema jinsi watu weusi wanavyotendewa Marekani, jambo lililohesabiwa kuwa la ndani ya nyumba. Tarehe 12 Juni 1956 aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Alipoulizwa kwa nini asihamie Urusi, alijibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, kwamba watu wake walikufa katika kuijenga nchi ile, na kwamba hangeondoka. Ni vigumu kuyasoma majibu yake ya siku ile bila ya kumvulia kofia.

Lakini hapo ndipo wanapotokea wa nne, nao ni wapenzi wake. Na hao ndio wanaostahiki kuulizwa swali gumu kuliko wote. Kwani wapenzi wa Robeson, waliomsifu kwa kutotenganisha sanaa na siasa, huanza kutaka kutenganisha pindi habari inapofika Moscow.

Mwaka 1943 Robeson aliwapokea New York wageni wawili Wayahudi kutoka Urusi ya Kisovieti: Solomon Mikhoels, mwigizaji aliyesifika kwa kumwigiza Mfalme Lear kwa lugha ya Kiyidishi, na Itzik Feffer, mshairi wa lugha hiyohiyo. Januari 1948 Mikhoels aliuawa kwa amri ya Stalin, na kifo chake kikafanywa kionekane ajali ya barabarani. Robeson alipofika Moscow Juni 1949, Feffer alikuwa kizuizini. Mwana wa Robeson alisimulia, baada ya kifo cha baba yake, kwamba mshairi huyo aliletwa hotelini kumwona mgeni wake, na kwa kuwa chumba kilikuwa na vinasa sauti, alimweleza hatima yake kwa ishara za mikono. Usiku wa onyesho lake, mbele ya hadhira ya Moscow, Robeson aliwataja marafiki zake hao wawili kwa majina, kisha akaimba kwa Kiyidishi wimbo wa Wayahudi walioinuka kupigana na Wanazi mjini Warsaw. Waliokuwamo ukumbini walifahamu.

Kisha alirudi Marekani, na waandishi wa habari walipomuuliza, akakanusha kwamba Wayahudi walikuwa wakiteswa katika nchi ya Kisovieti. Tarehe 12 Agosti 1952 Feffer alipigwa risasi pamoja na wenzake. Mwishoni mwa mwaka huohuo Robeson alitunukiwa nishani ya amani yenye jina la Stalin, akaipokea. Na Stalin alipofariki mwaka 1953, akamwandikia tanzia ya sifa. Hata baada ya mwaka 1956, viongozi wa Kisovieti wenyewe walipoyafichua baadhi ya maovu ya Stalin, Robeson hakusema neno hadharani.

Zimetolewa hoja nyingi za kumtetea. Aliogopa kuwapa silaha maadui waliokuwa wakimwandama. Aliona huko Urusi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akitendewa kama mtu. Hoja hizo zinaeleza, na pengine zinahuzunisha, lakini hazifuti. Mtu aliyetangaza kwamba msanii lazima achague upande hawezi kukingwa kwa kusema kwamba alikuwa mwimbaji tu. Kinachoumiza zaidi ni kwamba jukwaani, usiku ule wa Juni, alisema kweli kwa wimbo. Alipoliacha jukwaa na kusema kwa maneno yake mwenyewe, ndipo aliponyamaza kweli. Sanaa yake ilikuwa jasiri kuliko siasa zake.

Pengine hapo ndipo mizani inapoweza kuwekwa. Mwigizaji ana ndimi mbili. Ulimi mmoja huazima maneno ya wengine, ya Othello au ya Bosambo, na maneno hayo huhukumiwa mahali yalipo, ndani ya tamthilia na filamu. Ulimi wa pili ni wake mwenyewe, anapotoa ushahidi mbele ya watu kwa jina lake, na hapo hana vazi la kujifichia. Kuuadhibu ulimi wa kwanza kwa makosa ya wa pili ndiko walikofanya waliomfungia kumbi. Kuusamehe wa pili kwa utamu wa wa kwanza ndiko wanakofanya wanaompenda. Yote mawili ni dhuluma, ingawa moja lina chuki na jingine lina mapenzi.

Watu wa mwambao hawahitaji kwenda mbali kulifahamu jambo hili, kwani ushairi wao umeishi nalo kwa karne nyingi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga akiwa upande wa Wamazrui, dhidi ya Seyyid Said aliyeitawala Zanzibar. Siasa hizo zimo ndani ya beti zake wala hazijifichi, na bado wapenzi wa ushairi wa Unguja humsoma. Hawaziondoi siasa zake ili wampende, wanampenda wakijua. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, tangu 1969, kwa waraka wa Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 yalipata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, yule yule aliyewahi kusimama nyuma ya Bosambo, na ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Waamuzi wa tuzo hiyo walithubutu kuupima ushairi kwa mizani ya ushairi. Lakini hakuna asomaye diwani ile akasahau ilitungwa wapi, na kwa nini.

Katika maisha yote ya Robeson, mara chache tu sauti yake ilitenganishwa naye kwelikweli. Mwezi Mei 1957, akiwa bado hana paspoti, aliimba mjini New York kwa simu, na waya wa chini ya bahari ya Atlantiki ukaipeleka sauti yake hadi kwenye ukumbi wa St Pancras mjini London. Oktoba mwaka huohuo aliwaimbia hivyohivyo wachimba makaa ya mawe wa Wales, waliokuwa wamekusanyika Porthcawl kwa tamasha lao la ushairi na nyimbo. Wachimbaji hao walimjua tangu zamani. Mwaka 1940 alikuwa ameigiza mmoja wao katika filamu ya The Proud Valley. Serikali ilikuwa imeuzuia mwili, ikapita sauti peke yake.

Paspoti alirudishiwa mwaka 1958; mwaka 1959 akamwigiza Othello kwa mara ya tatu na ya mwisho, Stratford-upon-Avon. Kisha maradhi yakamwelemea, akarudi kwao mwaka 1963, na akafariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Lakini siku ile ya Porthcawl, sauti ilipokwisha kuimba, wachimbaji wale hawakuridhika kuisikiliza kama santuri. Walisimama, nao wakamwimbia yeye, kwa waya uleule, wakimrudishia sauti mwenyewe aliyeitoa.